Shemeji anataka majibu ya kipimo yafichwe, mume wangu asijue

Barua

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mafinga. Mume wangu ana miaka 51, kazi yake ni kupasua mbao, na maisha yake yote ameyamalizia kwenye misitu ya Sao Hill. Ni mtu wa nguvu, au niseme alikuwa.

Mwaka jana kipindi cha mvua, ulanzi (pombe ya mianzi) umeanza kutoka, Baba Neema alianza kusema ugali unamkwama kifuani. Akimeza tonge anasukumia na maji. Baadaye nyama akaacha, akasema ni meno. Kisha kande. Kisha ikawa nikipakua tu anatoka nje kama aliyeitwa na mtu, akirudi anasema ameshiba, amekula kazini. Wenzake wa kazini wakaniambia huko nako hali kitu. Mkanda wa suruali ametoboa matundu mapya, na shati la kanisani linamning'inia.

Zahanati walisema vidonda vya tumbo, akapewa dozi. Akapata nafuu kidogo ya kiungulia, lakini kukwama kukabaki palepale. Tukaenda hospitali nyingine, tena dozi ya vidonda. Miezi ikapita hivyo. Daktari mmoja kijana ndiye aliyemuuliza vizuri: kilianza kukwama nini, sasa kinakwama nini, uzito umepungua kiasi gani. Akaandika barua ya rufaa palepale, tukapelekwa Mbeya kwa kipimo cha kumezeshwa mpira wenye kamera. Walioangalia wakasema kuna uvimbe sehemu ya chini ya umio, ile njia ya chakula kwenda tumboni, wamechukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kupima, majibu tutapigiwa simu.

Sasa mama, hapa ndipo nilipokwama. Gharama za safari na kipimo alilipa shemeji yangu, kaka mkubwa wa Baba Neema. Ndiye aliyetupeleka, na namba ya simu iliyoandikwa kwenye faili ni yake. Juzi amenipigia akasema majibu yakitoka atayafuata mwenyewe, na kama ni saratani mimi na yeye tutajua, Baba Neema aambiwe ni vidonda vimekomaa. Anasema baba yao mdogo alipoambiwa tu ana saratani alikata tamaa, hakumaliza miezi miwili. Akaniambia, "Shemeji, ukimwambia, wewe ndiye utakuwa umemuua." Tangu siku hiyo silali.

Wifi yangu naye anasema huu ni ugonjwa wa kutupiwa, kuna mtu aliyegombana naye mambo ya shamba la miti. Anataka tumpeleke kwa mtaalamu mmoja mbele ya Makambako, ambaye anawapa watu dawa ya kutapika mpaka kilichokwama kitoke.

Baba Neema mwenyewe haongei. Amekuwa mkali kwa watoto, kitu ambacho hakuwa nacho. Usiku anakaa nje kwenye baridi hii yetu mpaka nimfuate na blanketi. Usiku mmoja tukiwa tumelala aliniuliza, "Mama Neema, ukisikia kitu, utaniambia?" Nikajifanya nimeshapitiwa na usingizi.

Neema yuko kidato cha tatu, ananiuliza baba ana nini, sina la kumjibu. Nalia nikiwa bombani ili nyumbani wasinione. Nimtii shemeji aliyetusaidia, au nifanyeje? Na nimlishe nini mtu ambaye hata wali unamkwama? Nisaidie mama.

Mama Neema, Mafinga

Jibu

Marahaba mwanangu.

Naanza na lile swali la usiku, kwa sababu mengine yote yanategemea hilo. Baba Neema ameshasema anachotaka. Ameuliza kwa maneno machache, kwa namna wanaume wengi wa kwetu wanavyoweza kuuliza jambo linalowatisha, yaani gizani, ukiwa umempa mgongo. Anataka kuambiwa, na amekuchagua wewe. Kwa hiyo usisubiri majibu ya maabara ndipo umjibu. Leo au kesho, mkiwa wawili, mwambie: "Lile ulilouliza usiku nililisikia. Ndiyo, nitakwambia. Sitasikia kitu kinachokuhusu wewe nikakaa nacho." Huna haja ya kuongeza hotuba. Mwache anyamaze akitaka kunyamaza.

Mgonjwa aliye kwenye kusubiri huwa anatazama nyuso. Miaka niliyofanya kazi ya uuguzi wodini nimeona wagonjwa waliofichwa, na karibu wote walikuwa wanajua. Walijua kwa namna ndugu walivyotoka nje kuzungumza na daktari, kwa sauti zinazokatika mtu akiingia, kwa shangazi aliyekuja kutoka mbali bila sababu. Wanajua, lakini hawana wa kuzungumza naye, kwa sababu kila mmoja anamchezea mchezo wa "utapona tu". Ule upweke ndio ninaouogopa kwa mumeo kuliko neno lenyewe saratani.

Sasa shemeji. Huyu si adui yako, na tafadhali usimfanye adui. Amelipa, amesafiri, na anaogopa kumpoteza mdogo wake kama walivyompoteza baba mdogo. Lakini aliyoyaona kwa baba mdogo huenda ameyaelewa kinyume. Saratani ya umio kwetu mara nyingi hugunduliwa imechelewa, mtu ameshakonda na hata maji hayapiti. Wengi hufariki miezi michache baada ya kuambiwa kwa sababu waliambiwa wakati ugonjwa umeshafika mbali. Neno la daktari halikumuua baba mdogo, na wewe hutamuua mumeo kwa kumjibu alichokuuliza. Ule mzigo aliokutwisha kwa simu, utue.

Tena mpango wake hautekelezeki. Fikiria unavyoendelea: majibu yakiwa mabaya, kinachofuata ni kupigwa siti skani ya kifua na tumbo kuona kama umesambaa, kisha vikao vya madaktari, kisha matibabu. Ikihitajika mionzi, safari ya wengi wa Nyanda za Juu Kusini huishia Dar es Salaam, pale Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jina limeandikwa getini. Atakaa kwenye benchi na watu kutoka Songea, Sumbawanga na Tanga, na watu wa benchi huulizana, "Wewe ya kwako iko wapi?" Kabla ya upasuaji au mionzi atatakiwa kuweka sahihi fomu ya ridhaa. Utamwambia anasaini vidonda vya tumbo? Siku atakayogundua, atagundua pia kwamba mkewe na kaka yake walikuwa kitu kimoja dhidi yake, na hiyo itakuwa ndiyo siku anayowahitaji kuliko zote.

Kuna jambo jingine watu hawalisemi. Mumeo ana mbao, ana shamba la miti, pengine kuna anaowadai na wanaomdai, ana binti wa kidato cha tatu. Mwanaume aliyeitunza nyumba yake ana haki ya kupanga mambo yake akiwa na akili timamu na nguvu za kukaa kwenye kiti. Kumficha ni kumnyang'anya hilo.

Kwa hiyo ongea na shemeji uso kwa uso, simu haitoshi kwa jambo hili. Mpe heshima yake yote kwanza, mshukuru kwa safari, kwa fedha, kwa kila kitu, na useme kwa kumaanisha. Kisha mwambie: "Shemeji, mdogo wako ameniuliza mwenyewe, na nimemwahidi nitamwambia. Siwezi kuvunja ahadi niliyompa mume wangu. Ninachokuomba ni uwepo siku hiyo, ukae upande wake." Mpe kazi, maana mwanaume mwenye hofu akikosa kazi ya kufanya hutafuta ya kuzuia. Yeye awe mshika fedha za matibabu, au msimamizi wa usafiri. Akikataa kata kata, nenda kwa mzee wa ukoo anayemsikiliza au mchungaji wenu, aongee naye. Lakini ahadi yako kwa Baba Neema isigeuke.

Namba ya simu iliyo kwenye faili irekebisheni mapema. Baba Neema mwenyewe apige hospitali au aende, aseme namba yangu ni hii na ya mke wangu ni hii. Ni faili lake. Kwa maadili ya kazi yao madaktari wanapaswa kuzungumza na mgonjwa kwanza, na ndugu kwa ruhusa yake. Tatizo ni kwamba kwetu ndugu aliyelipa ndiye anayeitwa pembeni, na mgonjwa anaachwa kwenye benchi ameshika kadi. Mkiingia pamoja na Baba Neema akasema, "Daktari, mimi ndiye mgonjwa, niambie mimi, mke wangu asikie," hakuna daktari atakayemkatalia.

Kabla ya siku hiyo mwulize pia anataka kujua kiasi gani. Wapo wanaotaka kila kitu, na wapo wanaosema, "Niambie jina la ugonjwa na dawa yake, hayo mengine ongeeni wenyewe." Yote ni sawa. Akichagua kutojua sehemu fulani, heshimu. Tofauti na mpango wa shemeji ni kwamba hapa amechagua mwenyewe.

Kuhusu kusubiri kwenyewe. Kinyama kikishatoka mwilini huwekwa kwenye dawa ya kuhifadhia, kisha hutolewa maji, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi, ndipo daktari wa patholojia akitazame kwa hadubini. Kazi hiyo ni ya siku kadhaa hata mambo yakienda vizuri, na madaktari wa patholojia nchini ni wachache, hivyo foleni huwa ndefu. Wakati mwingine kipande kinakuwa kidogo mno na inabidi kipimo kirudiwe. Msivunjike moyo mkiambiwa hivyo. Ila msikae kimya mkingoja simu. Siku mliyoahidiwa ikipita, pigeni. Ikipita wiki, mmoja aende. Majibu hukaa kwenye droo watu wakidhani mwenyewe ameshapewa. Na mkiyapata ombeni nakala, muiweke pamoja na ripoti ya kamera, barua ya rufaa na picha zote kwenye bahasha moja ngumu. Mkienda hospitali nyingine bila makaratasi hayo mtaanzishwa upya, na Baba Neema hana muda wa kuanzishwa upya tena.

Pengine unataka kujua kama kuna tumaini kuwa si saratani. Lipo, maana si kila umio unaoziba umezibwa na saratani. Asidi ya tumbo ikipanda kwa miaka huacha makovu yanayobana njia, kuna fangasi wa umio, na kuna misuli ya mwisho wa umio inayokataa kulegea. Lakini sitakudanganya. Chakula kigumu kukwama kwanza, kisha laini, pamoja na kukonda hivyo na uvimbe walioukuta, ndizo dalili zinazowafanya madaktari wachukue kinyama haraka. Usimwahidi Baba Neema kwamba si kitu. Mwambie, "Bado hatujui, na tukijua tutajua wote."

Sasa chakula, maana hapa ndipo mikono yako ina kazi kubwa kuliko ya daktari kwa wiki hizi. Mtu anayefika kwenye matibabu akiwa amekonda sana huyavumilia kwa shida, na wengine huahirishiwa mpaka wapate nguvu. Kila kilo utakayomwokolea sasa ina maana.

Acha habari ya milo mitatu. Mpe kidogo kidogo, mara sita au zaidi kwa siku. Uji wa maji na sukari haujengi chochote, kwa hiyo kila kikombe lazima kiwe na kitu ndani. Pika uji wa ulezi kwa maziwa, ongeza kijiko cha mafuta au siagi, na karanga zilizosagwa laini kabisa, uchuje kama una chembechembe. Yai lipige ulimimine kwenye uji ukiwa unachemka ili liive. Na tuko nchi ya maparachichi, tangu Njombe, Mufindi hadi Rungwe, tunayauza nje ya nchi huku wagonjwa wetu wakinyweshwa chai ya rangi. Ponda parachichi lililoiva na maziwa mpaka liwe kama krimu. Lina mafuta mengi na linateleza. Viazi mviringo vichemshe viive sana, uponde na maziwa na siagi mpaka vilegee. Maharage yapike yaive, yasage, yapitishe kwenye chujio maganda yabaki. Supu ya kuku au ya mifupa, mtori, ndizi mbivu iliyopondwa, mtindi, vyote vinafaa. Kama ugali unakwama achana nao, usimlazimishe kwa sababu "mwanaume halali bila ugali."

Ale akiwa amekaa wima, na asilale mpaka ipite saa nzima hivi. Vitu viwe vuguvugu, visiwe vya moto. Vidonge vikubwa vikikwama muulize mfamasia kama ipo ya maji. Usisage wala usifungue kidonge kabla ya kuuliza, vingine haviruhusiwi. Mpime uzito kila wiki zahanati uandike, maana daktari akiona tarakimu ataharakisha kuliko akisikia "amepungua."

Ile tabia yake ya kutoka nje unapopakua ni aibu. Anaogopa kukohoa na kutema mbele ya wanawe. Usimfuate na sahani ukimbembeleza. Siku nyingine pikia nyumba nzima kitu laini, wote mle viazi vya kuponda, asione chakula chake ni cha mgonjwa. Siku nyingine mpelekee kikombe huko nje alipokaa, kaa naye na kikombe chako, ongeeni habari za bei ya mbao. Akinywa nusu, inatosha, utarudi baada ya saa mbili.

Kuna mambo hayasubiri majibu. Akishindwa kumeza hata maji au mate yake, akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akinywa kitu akakohoa kana kwamba kimeingia kwenye mapafu, au akipata homa na kuhema kwa shida, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Usiogope kuonekana msumbufu.

Wifi yako usibishane naye kama uchawi upo au haupo. Hamtamaliza, na mgonjwa atasikiliza mabishano hayo kutoka chumbani. Mwambie jambo moja tu: mpaka majibu yatoke, hakuna kitu kitakachopita mdomoni mwa Baba Neema ambacho daktari hajui. Dawa ya kutapisha mtu mwenye uvimbe kwenye umio ni hatari. Kutapika kwa nguvu kunaweza kuchana mahali palipo dhaifu, kukaleta damu, au matapishi yakaingia kwenye mapafu. Wanaotaka kusali waje wasali, na hata mimi nitasali. Ila atakayesema aache hospitali kwanza, huyo mlangoni asipite.

Wataanza pia kusema ni ulanzi wake, ni sigara zake, ni chai ya moto. Ni kweli kwamba tumbaku na pombe huongeza hatari. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda navyo vinasababisha saratani hii. Lakini ugonjwa huu umekithiri katika ukanda mzima kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na kwetu, kushuka Malawi hadi Afrika Kusini, na unawapata hata walokole ambao hawajawahi kuonja pombe. Watoto wazoee kuacha chai ipoe, nawe pia. Kumlaumu mgonjwa hakumsaidii kumeza. Na hauambukizi kwa kikombe wala sahani. Waambie watoto hivyo wazi, maana majirani watawaambia tofauti.

Neema mwambie. Binti wa kidato cha tatu akifichwa hubuni mwenyewe, na anachobuni huwa kibaya zaidi. Mwombe ruhusa Baba Neema kwanza, au bora aseme yeye: "Nina uvimbe kwenye njia ya chakula, wamepima, tunasubiri. Nikiwa mkali si kwamba nimewachukia." Wadogo watosheke na "baba anaumwa, anatibiwa, chakula chake ni laini."

Huo ukali wake utapungua akishajua kwamba hamumzunguki. Endelea kumpelekea mambo ya nyumba aamue: ada, mbegu, fundi wa paa. Wageni wakija wasikuulize wewe "anaendeleaje" naye yupo hapohapo, wageuze kwa upole, "Muulize mwenyewe." Na usiku akikaa nje, siku nyingine badala ya kumwita ndani chukua blanketi lako pia, ukae.

Fedha. Kama mna kadi ya bima ya afya, uliza mapema inawafikisha ngazi ipi ya hospitali, msije mkagundua dirishani. Hospitali ya mkoa na ya kanda zina ofisi ya ustawi wa jamii, na ni haki yenu kwenda huko kabla hamjakwama, mkiwa na barua ya serikali ya mtaa. Msiuze shamba la miti kwa hofu kabla ya kujua matibabu yenyewe ni yapi. Watu wameuza kila kitu kwa vipimo, ikafika siku ya dawa hawana nauli.

Siku ya majibu nendeni jana yake mlale Mbeya, msikimbizane na basi la alfajiri mtu hajala. Beba uji wake kwenye chupa. Andikeni maswali kwenye daftari, maana neno saratani likitajwa masikio huziba: Je, ni saratani, na ya aina gani? Imefika hatua gani, na kipimo gani kinafuata? Tiba ni ya kuondoa ugonjwa au ya kumpa nafuu? Je, njia ya chakula inaweza kufunguliwa kwa mrija maalumu ili ale wakati mengine yanapangwa? Maumivu yakija, apewe nini? Hilo la mwisho muulize hata kama hana maumivu sasa. Ipo huduma inayoitwa tiba shufaa, ya kutuliza maumivu na kumsaidia mgonjwa na familia, na inakwenda pamoja na matibabu mengine tangu mwanzo. Baadhi ya hospitali za Kanisa la Kilutheri (KKKT) zimeitoa kwa miaka mingi. Mtu asikuambie kwamba ni ya wanaokufa tu.

Nawe, mwanangu, tafuta mtu mmoja wa kulia naye kwa sauti, dada yako au rafiki asiyesambaza maneno. Bombani hapatoshi.

Mkishatoka kwa daktari niandikie alichosema kama alivyokisema, na mmeamua nini na Baba Neema. Kama wamewaandikia Dar es Salaam, nitakueleza namna ya kujipanga na makazi ya kule na chakula chake cha njiani.